Mtoaji Alikuwa na Furaha

Chainizi ya kwanza ilimpiga Nakuzelwa begani. Ya pili ikapita juu ya kichwa chake, ikatua kwenye ndoo.

"Beba na hizi!" Ndekirwa alikuwa amepanda juu ya ukuta wa mawe unaotenganisha bustani zao, kapu mkononi, macho yamemtoka. "Si unataka vyote? Beba na maiti zake!"

Nakuzelwa akaiokota ile iliyompiga. Bua la mboga ya chainizi linatakiwa liwe jeupe, nene, limejikunja kama mwiko wa wali. Hili lilikuwa jembamba kama njiti. Na katikati yake kilichomoza kikonyo kirefu chenye maua ya njano. Tena mazuri, jamani. Ndiyo balaa lenyewe. Chainizi ikiona kiu na baridi vimeizidi inajua inakufa, basi inaacha kunenepa, inakimbilia kuchanua ili iache mbegu nyuma. Kule Shira, juu kabisa begani mwa Kilimanjaro, kwenye vumbi na mawe meusi ambako zamani walilala wapanda mlima tu na mahema yao, ua la njano lilimtisha mtu kuliko moto.

"We Ndekirwa una kichaa?"

"Ninacho! Jua letu moja, barafu yetu moja, mbegu tulichukua pakiti moja tukagawana. Zako zimenona kama nguruwe wa Krismasi, zangu zinachanua. Unaniibia maji, Mpare."

"Kama nakuibia nishitaki."

"Nikushitaki? Kumpeleka Mpare mahakamani si ni kumpeleka harusini!"

Hapo zamani wangecheka mpaka washike ukuta. Mpare na Mchaga ni watani, na hawa wawili waliufanyia kazi utani wao. Ndekirwa alikuwa anaingia kwa Nakuzelwa mchana kweupe, anabeba kuku, anaondoka naye anapiga mluzi. Nakuzelwa naye alimfuata na matusi njia nzima, kesho yake anakwenda kubeba wawili. Hata siku ya kumzika Aikande, mke wa Ndekirwa, Nakuzelwa alishuka kaburini mbele ya mchungaji, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alimuahidi. Ndekirwa, na machozi yake yote, alicheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani.

Leo hakuna aliyecheka.

"Ungefunika usiku kama wenzako," alisema Nakuzelwa. "Barafu inakuja alfajiri, we umelala. Ungetandika nyasi kavu chini, ungeweka kivuli saa sita. Chainizi haitaki jeuri."

"Nilifunika!" Sauti ya Ndekirwa ilipasuka. "Nilifunika na blanketi la Aikande!"

Upepo ukapita na vumbi lake. Ndani ya nyumba, mama yake Nakuzelwa akakohoa.

"Mkaguzi anapita kesho," Ndekirwa alisema taratibu. "Akiona maua nimeshushwa. Nikishushwa, Aikande pale nyuma ya nyumba namwachia nani?" Akatema mate upande wa Nakuzelwa, akaruka chini kwake.

Kushushwa. Neno hilo mtu wa Shira hakulitamka hovyo. Huko chini tambarare joto lilikuwa limefika mahali pa kuwakalisha watu mchana kutwa chini ya mashuka yaliyoloweshwa maji, na wenye vifua vibovu hawakumaliza mwaka. Nafasi za juu zilikuwa chache, wanaozingoja wengi. Ndiyo maana Mamlaka ya mlima iliweka sheria moja tu ya kukaa: nyumba ionyeshe kitalu cha mboga mbichi. Kitalu kikiwa kijani, unakaa. Kikifa, kikichanua, unampisha mwingine.

Nakuzelwa aliingiwa na hasira mpaka kwenye kucha. Mwizi, yeye? Akachukua kijembe, akaenda kwenye tako la ukuta. Nitachimba hapa, alijisemea, nimwoneshe mchanga mkavu, nimrushie nao usoni.

Akachimba. Kijembe kikazama kwenye kitu laini.

Chini ya ardhi ya Shira kulikuwa na mishipa. Ndivyo watu walivyoiita, ila ulikuwa uyoga, uliotengenezwa maabara na kupandwa mlima mzima kabla mtu wa kwanza hajajenga. Nyuzi zake nyeupe zinalamba umande chini ya mawe, zinanyonya ukungu unaozama ardhini, kisha zinasukuma unyevu huo punje kwa punje mpaka kwenye vitalu. Kila kitalu na fungu lake. Nyuzi zenyewe kwa kawaida ni nyembamba kama nywele za mtoto.

Hizi zilikuwa zimesukana, nene kama vidole. Zimepita chini ya ukuta kutoka kwa Ndekirwa, zote zimeelekea kwake, zinapwita polepole kama koo la mtu anayekunywa.

Nakuzelwa alikaa chini kwenye vumbi.

Halafu akageukia Sikio. Kila bustani ilikuwa nalo: nguzo ya udongo wa kuchoma yenye tundu la shaba juu, inafika kiunoni mwa mtu. Sikio ndilo lililoiambia mishipa ipeleke maji wapi.

"Sikio. Haya maji ya nani?"

"Ya kwako," lilijibu kwa ile sauti yake isiyo na mwanamume wala mwanamke.

"Yanatoka kwa jirani!"

"Yanatoka kwa jirani. Umepewa."

"Nimepewa na nani?"

"Ndekirwa Temu. Alitoa kwa mdomo. Mtoaji alikuwa na furaha."

Mwanzoni, watu walipohamia, maji yaligawanwa kwa karatasi, na wajanja wakawawekesha wazee dole gumba wakawakausha. Mamlaka ikafuta karatasi. Maji yatolewe kwa mdomo, ikasema. Mtu akitamka *chukua* mbele ya Sikio, Sikio linaamka, linalisikiliza koo lake: mapigo, pumzi, mtetemo. Anayetishwa linamjua. Mlevi linamjua. Anayesema chukua huku moyo hautaki, linamkatalia. Linapokea zawadi ya mwenye furaha peke yake. Waliolitengeneza waliwafikiria wezi wote, matapeli wote, wababe wote wa dunia hii.

Watani waliwasahau.

"Nisikilizishe," alisema.

Sikio likatoa sauti. Ilikuwa ile siku ya kupanda, na Nakuzelwa aliitambua kwa kicheko kabla ya maneno.

*"We Mpare, maji yako mwenyewe yako wapi? Umeyashitaki yakafungwa?"*

*"Nyie Wachaga kuuza mnajua, kutoa hamjui. Toa hata kijiko tuone!"*

*"Kijiko? Chukua! Chukua yote! Nyonya bustani nzima mpaka mawe! Nikifa kiu unizike katikati ya chainizi zako niwe mbolea!"*

Wanacheka, Ndekirwa anakohoa kwa kucheka. Kisha sauti ya tatu, kwa mbali kidogo, nyembamba na kali, mtu anayesema huku ameshika mbavu:

*"Usimpe maji tu, mpe na mume! Mwenzangu mbebe, ila anakoroma. Na usije ukamrudisha hapa. Mali ikishauzwa hairudishwi!"*

Aikande.

Nakuzelwa aliziba mdomo. Yule mwanamke alikuwa hataki kabisa kurekodiwa. Akiona simu imeelekezwa kwake anajifunika kanga uso mzima, anasema sura yake siyo matangazo. Ndekirwa hakubakiwa na sauti yake hata moja. Mara ngapi alilalamika, pale pale ukutani, kwamba sauti ya mkewe inaanza kumtoka kichwani?

"Sikio," alisema. "Nikikataa?"

"Mpokeaji akisema nimekataa, zawadi inafutika tangu mwanzo. Kilichoota kwa maji hayo ni mali ya mtoaji."

"Kitalu changu kinakuwa chake."

"Ndiyo."

"Na mimi nabaki na nini?"

"Udongo."

"Yeye anaweza kudai?"

"Mtoaji hana kauli. Alishatoa."

"Na hii sauti, anaweza kuisikia?"

"Sauti ni ya mpokeaji."

"Funika hilo shimo," alisema mtu nyuma yake.

Bi Nakiete, mama yake, alikuwa ameshikilia fremu ya mlango. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kifua kinacholia filimbi kila akivuta pumzi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, hakuwa anatoa. Alikuwa ananitania."

"Najua. Nilikuwepo, nilicheka mimi mwenyewe. Funika."

"Atashushwa, mama. Na kaburi la Aikande liko pale."

"Aikande amekufa," alisema Bi Nakiete. "Joto halimfanyi kitu. Hakohoi. Mimi niko hai, Nakuzelwa. Unaniona niko hai? Au mpaka nilale na mimi ndiyo unionee huruma?"

"Sijasema hivyo."

"Basi funika. Aliyeropoka ni yeye. Mwanaume mzima, mdomo hauna mlango. Mwache ashuke na mdomo wake."

Nakuzelwa akafunika. Alirudishia mchanga, akaukanyaga, akatandaza nyasi kavu juu yake vizuri, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Mchana wote alimsikia Ndekirwa upande wa pili. Alikuwa ameamua kuchimba naye. Sururu ikalia kwenye mawe, ko, ko, ko, halafu ikanyamaza, halafu akapiga ukelele. Ameikuta. Nakuzelwa alichungulia dirishani na kumwona anaikatakata ile mishipa kama anaua nyoka, anaitukana, anairushia mawe.

Na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mishipa ikikatwa haifi. Inadhani mlima umeporomoka, inadhani ukame wa kutisha umekuja, basi kila kipande kinaziba jeraha lake na kuanza kunyonya mara dufu ili kiokoe kitalu kinachokilisha. Kila mtoto wa Shira anafundishwa: mshipa usiukate, sema na Sikio. Ndekirwa alijua pia. Ila Sikio lake, kila alipoliuliza, lilimjibu neno moja: "Ulitoa." Naye hakukumbuka kutoa chochote. Nani anakumbuka utani wa siku ya kupanda?

Jua lilipoegemea, vikonyo vyake vya mwisho vilikuwa vimelala chini na maua yake.

Nakuzelwa alikuwa ameshika komeo la mlango. Alilishika muda mrefu. Hakulifungua.

Asubuhi Mkaguzi alikuja na lori. Alilisimamisha katikati ya njia, injini ikiunguruma, ili asiyejua lori hilo ni la nini ajue. Aliitwa Ngonyani, msichana mrefu wa Songea mwenye midomo iliyokauka kwa baridi, na hakusalimia mtu. Majirani walijikusanya kwa mbali, kila mmoja anafurahi si kwake.

Kwa Nakuzelwa aliinama, akabonyeza bua moja la chainizi kwa dole gumba. Likatoa mlio wa kuvunjika, pwa, na maji yakamrukia usoni. Watu wakaguna.

"Hii ni chainizi au sabuni?" alisema Ngonyani, akajifuta. "Unakaa."

Akavuka kwa Ndekirwa. Huko hakuinama hata. Aliangalia yale maua ya njano yaliyolala, akaangalia mtaro uliochimbwa, akaangalia lori.

"Unashuka. Beba nguo, nakusubiri."

Ndekirwa hakubishana. Aliingia ndani, na alipotoka hakuwa na begi. Alikuwa na shuka jeupe begani na sururu mkononi. Akalipita lori, akaizunguka nyumba, akaenda kwenye rundo la mawe nyuma, akapiga sururu ya kwanza.

"We mzee!" Ngonyani alimkimbilia. "Unafanya nini?"

"Namtoa mke wangu."

"Maiti haipandi lori, mzee wangu. Acha."

"Basi na mimi sipandi." Ko. "Sisi hatuwaachi watu wetu shambani kwa wageni." Ko. "Atakayekuja hapa atapanda nini juu yake? Eh? Atampandia karoti?"

Hakuna aliyemshika. Ardhi ilikuwa ngumu kwa barafu ya alfajiri, sururu ikawa inaruka tu. Na Nakuzelwa, aliyewahi kulala ndani ya shimo lile lile na kumtania mfiwa mpaka akacheka, alijikuta anatembea kurudi kwenye bustani yake.

"Nakuzelwa!" Bi Nakiete aliita toka mlangoni. "Nakuzelwa, nakuona! Thubutu!"

Alipiga magoti mbele ya Sikio.

"Nimekataa," alisema.

"Rudia. Mpokeaji anasemaje?"

"Nimekataa! Yale maji nimekataa!"

Chini ya miguu yake kitu kilijigeuza. Mtu angeweza kukihisi kwenye nyayo: mtetemo mdogo, kama paka anayejinyoosha chini ya mkeka. Mishipa ilikuwa inageuza mdomo.

"Zawadi imefutika," lilisema Sikio kwa sauti ya wote kusikia. "Kitalu hiki ni cha Ndekirwa Temu."

Sururu ilinyamaza.

Bi Nakiete aliketi kizingitini. Ndekirwa akaja mpaka ukutani, shuka bado begani, vumbi usoni. Ngonyani nyuma yake.

"Zawadi gani?" aliuliza Ndekirwa.

"Ile siku ya kupanda," alisema Nakuzelwa. "Uliniambia nichukue. Sikio lilikuamini."

"Nilikwambia lini mimi?"

"Liambie lirudie. Sauti sasa ni yako."

Akaliambia. Likarudia. Watu wote waliokusanyika walisikia habari ya maji yaliyoshitakiwa yakafungwa, na wawili watatu wakaanza kutabasamu. Kisha ikaja ile sauti nyembamba, *usimpe maji tu, mpe na mume*, na hakuna aliyetabasamu tena, kwa sababu uso wa Ndekirwa ulikuwa umefunguka kama mlango uliopigwa teke.

"Umeipata lini hii?" aliuliza, taratibu sana.

"Jana asubuhi."

"Jana. Jana mimi nakata mishipa hapo, nalia kama mbuzi, wewe upo dirishani. Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

"Maji sawa. Maji ungeniambia una mama mgonjwa, ningekuelewa. Lakini hii, Nakuzelwa? Hii ungenipa hata kwa kunirushia kama nilivyokurushia yale maua."

Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita jina lake. Hakuna hata mmoja.

Ngonyani akakohoa kidogo. "Mzee unakaa, kitalu chako kijani. Dada, wewe na mama mnashuka. Pole. Mimi Mngoni, nina watani wangu Wahehe, najua mlichokuwa mnafanya. Ila hilo," akaonyesha Sikio, "halina watani."

Bi Nakiete alijaribu kusimama, kifua kikamkatalia. Alikohoa akainama, akakohoa mpaka kilemba kikamdondoka. Ndekirwa alimtazama. Chuki haikumtoka usoni, hata kidogo. Lakini alimtazama mpaka mwisho wa kile kikohozi.

"Sheria inataka kitalu kikubwa kiasi gani?" alimuuliza Mkaguzi bila kugeuka.

"Inataka kiwe kijani. Ukubwa haijasema."

Ndekirwa akaruka ukuta, akaliendea Sikio la Nakuzelwa. "Mpe nusu," alisema. "Nakuzelwa, chukua nusu."

"Mtoaji hana furaha," lilisema Sikio. "Haijapokelewa."

"Chukua nusu, nimesema!"

"Mtoaji hana furaha. Haijapokelewa."

"Natoa kwa hiari yangu, we dubwana! Nani ananishika? Nani kanitisha? Chukua nusu!"

"Mtoaji ana hasira. Haijapokelewa."

Lori liliunguruma kule njiani. Nakuzelwa alilamba midomo. Alijua la kufanya, alilifanya miaka yote bila kufikiri: amtukane. Amwambie Mchaga hata kutoa bure anataka chenji. Akafungua mdomo, akasema hivyo hivyo, na maneno yakaanguka katikati yao yamekufa, kama yale maua. Ndekirwa hakupepesa hata jicho.

"Usinitanie," alisema. "Mtani wangu alikuwa mtu mwingine."

Akaweka mkono wake juu ya ile nguzo, akafumba macho.

"Sikio. Rudia pale mwisho. Pale pa mke wangu tu."

*"Mwenzangu mbebe, ila anakoroma. Na usije ukamrudisha hapa. Mali ikishauzwa hairudishwi!"*

"Rudia."

*"...ila anakoroma..."*

Mabega yake yakaanza. Kwanza ungedhani analia, na alikuwa analia. Ila chini ya kilio kulikuwa na kitu kinapanda, kinamtikisa tumbo, kinamkaba. "Mali ikishauzwa," alijaribu kusema, akashindwa. "Kaniuza! Mnasikia? Kaniuza mimi, nimesimama pale pale!" Akacheka. Akacheka kile kicheko cha siku ya kupanda, ameegemea Sikio, machozi na makamasi, watu wazima wanamtazama na kuangalia pembeni. Na katikati yake, kabla hakijaisha, aliinyanyua sauti:

"Chukua nusu!"

"Mtoaji ana furaha," lilisema Sikio. "Imepokelewa."

Kicheko kikakoma hapo hapo, kama bomba lililofungwa. Ndekirwa akajifuta uso kwa lile shuka. Akarudi kwake, akaanza kurudishia mawe ya kaburi moja moja mahali pake.

Lori liliondoka tupu.

Siku zilizofuata alivunja ule ukuta wa zamani na kujenga mpya. Aliupitisha katikati ya kitalu, kwenye mstari wa chainizi zenyewe, na alipanga mawe yake vizuri, hakuna tundu la kupitisha hata kidole. Nusu ya kijani huku, nusu kule. Bi Nakiete alikula supu ya chainizi mlangoni, akasema imekolea, na hakusema lingine.

Nakuzelwa alikuwa anapalilia alipomwona Ndekirwa ameinama juu ya jiwe la mwisho.

"Habari za asubuhi, mama," alisema Ndekirwa. "Samahani, jiwe langu limegusa jani lako."

Samahani! Mtani anamwambia mtani samahani! Nakuzelwa alijibu nzuri, akashindwa kuendelea kupalilia. Matusi yote ya miaka yote hayakumuuma kama salamu ile.

Akatupa kijembe. Akaruka ukuta mpya, mbele ya macho yake, mchana kweupe, akamkamata kuku wake mwekundu mnono, akambana kwapani. Kuku akapiga kelele za kuitia polisi. Nakuzelwa akasimama katikati ya uwanja wa Mchaga, manyoya yanaruka, akamkodolea macho. *Nitukane*, yalisema macho yake. *Niite mwizi. Sema Mpare atafungua kesi dhidi ya huyu kuku.*

Ndekirwa akanyooka taratibu, akapangusa mikono yake.

"Kama una shida ya kuku ungeniambia tu, mama," alisema kwa upole. "Chukua."

Sikio la Ndekirwa likaamka lilipolisikia neno *chukua*.

"Mtoaji hana furaha," lilisema. "Haijapokelewa."

Nakuzelwa akamweka kuku chini.